Siku Niliyogeuzwa Ndugu wa Mke Wangu

Wiki jana niliwaacha mlangoni mwa chumba cha uzazi, mimi Aubri wa Valbrune, bwana wa mnara mmoja unaovuja na vijiji vitatu visivyoniheshimu, nimepiga magoti nikisubiri kuambiwa kama nimepata mtoto au nimepata msiba.

Nilipata mtoto. Msiba ulikuja siku tatu baadaye, umevaa joho la manyoya ya kindi.

Kwa anayetusoma leo kwa mara ya kwanza: nimemwoa Hersende miaka saba. Katika miaka hiyo nimepoteza farasi wawili kwenye mashindano ya mikuki, meno matatu, na mwewe wa kuwindia aliyeruka asubuhi moja akaamua asirudi. Mke ndiye aliyekuwa amebaki. Na mama yake, Bibi Mahaut wa Corcelle, alikuwa ameapa kuninyang'anya huyo naye, kwa sababu Enguerrand wa Thory, mgane mwenye ngome mbili, alikuwa ameshaanza kumuulizia.

Kwanza mama mkwe alijaribu undugu wa damu. Alileta wazee wanne wakakaa ukumbini kwangu siku sita, wakila na kuhesabu mababu kwa vidole, wanatafuta babu mmoja aliyetuzaa mimi na Hersende ndani ya vizazi saba, ndoa ivunjwe. Babu walimpata. Lakini alikuwa wa kizazi cha nane.

Mama mkwe alilia machozi ya kweli. Mimi nilichinja bata bukini wawili.

Nikadhani ameshindwa. Hapo ndipo akili yangu ilipokuwa inaishia.

Basi siku ya tatu tukampeleka mtoto kanisani kubatizwa. Hersende alibaki kitandani, maana kwetu mwanamke aliyejifungua haingii kanisani mpaka atimize siku arobaini. Nilikwenda mimi, na mama mkwe, na watu wake kumi na wanne. Padri alikuwa mzee wetu Gontier, ambaye macho yake hayatofautishi tena mtu na mshumaa.

Baba wa ubatizo alitakiwa awe jirani yangu Foulques. Foulques haonekani.

"Foulques yuko wapi?" nikauliza.

"Jana alipita kutusalimia," akasema mama mkwe. "Nikampa kikombe cha divai. Kimoja tu."

"Kimoja?"

"Akakipenda. Akaomba aoneshwe pipa lilipo. Ningemnyima jirani yako, mwanangu?"

Ile divai ilikuwa yangu, lakini sicho kilichotakiwa kunishtua. Kilichotakiwa kunishtua ni hilo neno "mwanangu". Miaka saba alikuwa akiniita "huyu". Nikafurahi kama mjinga.

"Usihangaike," akaendelea. "Mjukuu wangu nitampokea mwenyewe. Bibi hatoshi?"

"Anatosha, mama. Anatosha kabisa."

Padri Gontier akamzamisha mtoto katika kisima cha ubatizo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akamtaja jina: Odeline. Akamwinua. Mtoto amelowa, anateleza, mikono ya mzee inatetemeka. Mama mkwe akakunjua kitambaa cheupe, akanyoosha mikono, akapiga hatua moja mbele.

Kisha akaweka kiganja kwenye paji la uso. "Ah," akasema. Akazimia.

Alizimia vizuri mno. Watumishi wake wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, mikono tayari, wakamdaka kabla hata magoti hayajakunjika.

"Mtoto!" akapiga kelele mmoja wa watu wake. "Mtoto anaponyoka! Mshikeni jamani!"

Ningefanya nini? Nilimrukia. Nikampokea Odeline kutoka mikononi mwa padri, nikamkumbatia kifuani, akanitemea maji ya baraka usoni. Nikalia kwa furaha. Nilikuwa sijawahi kumshika.

Niliponyanyua uso, kanisa zima linanitazama mimi. Mama mkwe ameshasimama, anakung'uta joho lake, mzima kama kigongo.

"Mmeona wote?" akauliza.

"Tumeona, bibi," wakajibu kumi na wanne kwa pamoja.

"Nani amempokea mtoto kutoka kisimani?"

"Baba yake, bibi."

Nikacheka. "Jamani, si mtoto wangu? Kosa liko wapi?"

"Kosa?" Mama mkwe akanisogelea, na nawaapia alikuwa na huruma usoni, huruma ile ya mtu anayemtazama kuku aliyekwisha chinjwa. "Aubri, hata watoto wachunga mbuzi wanaijua sheria hii. Anayempokea mtoto kutoka kisimani anakuwa mzazi wake wa pili, wa kiroho. Na mzazi wa kiroho na mzazi aliyezaa ni ndugu. Ni ndugu kuliko ndugu wa tumbo moja. Umempokea mtoto wa Hersende. Kwa hiyo wewe na Hersende?"

Nikamgeukia Padri Gontier.

"Padri, msaidie," akasema mama mkwe.

Padri Gontier akahema. "Ni ndugu," akasema kwa sauti ndogo.

"Na ndugu hawalali kitanda kimoja," mama mkwe akamalizia. "Kesi naipeleka kwa hakimu wa askofu. Pole sana, Bwana Aubri."

Kutoka "mwanangu" mpaka "Bwana Aubri" kabla mshumaa haujapungua hata kidogo.

Nilirudi mnarani mbio, mtoto kifuani. Mama mkwe alinitangulia, sijui kwa njia gani. Nilipofika chumbani, kitanda chake kikubwa cha mbao kilikuwa kimeshapandishwa ngazi na kupachikwa katikati ya chumba, kati ya kitanda cha Hersende na mlango.

Nikamweleza Hersende yote. Nilitegemea kilio. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika tumbo, akaniambia nisimchekeshe, anaumia.

"Unacheka nini? Tunatenganishwa!"

"Hata wewe umempokea?" akasema akifuta machozi. "Hata wewe, Aubri?"

"Alizimia! Mama yako alizimia!"

"Mama hajawahi kuzimia maisha yake yote. Alipoambiwa baba amefia vitani aliuliza farasi yuko wapi."

"Sasa unanilaumu mimi?"

Akaacha kucheka.  "Aubri, kaa hapa kidogo. Kuna jambo nataka kukwambia."

"Utaniambia nikishashinda kesi."

"Ni kuhusu hiyo hiyo kesi."

"Mambo ya kesi niachie mimi, mke wangu. Wewe pumzika."

"Hata hujaniuliza nimelalaje tangu nijifungue," akasema.

"Hersende, hapa kuna vita!" Nikambusu paji la uso. Mama mkwe, kutoka kitandani kwake, akakohoa. Nikateremka ngazi najiona shujaa.

Nawaandikia haya kama yalivyokuwa. Ningeweza kujipamba, lakini mtu wa kujipamba haandiki gazetini kila wiki jinsi alivyopigwa na dunia.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Padri Gontier. Nilimkuta bustanini, anaongea na kabichi akidhani ni mpishi wake.

"Padri, hakuna njia?"

"Njia moja tu," akasema. "Kama mtoto alibatizwa nyumbani siku ya kuzaliwa. Mkunga akiona mtoto anakata roho, anaruhusiwa kummwagia maji na kusema maneno. Huo ni ubatizo kamili. Mtu habatizwi mara mbili. Kwa hiyo siku ile mimi ningekuwa nimemwogesha tu, na wewe ungekuwa umepokea mtoto aliyetoka kuoga."

Nikambusu mkono. Nikambusu na mwingine.

Mkunga wetu ni Osanne, mwanamke mfupi mwenye mikono kama ya mhunzi. Alimzalisha mama yangu siku nilipozaliwa mimi, na bado ananiangalia kama anajuta. Nikampelekea jibini zima, gurudumu la kulibeba kwa mikono miwili.

"Osanne, sema kweli. Siku ile mtoto alimwagiwa maji?"

Akaweka ufagio chini. "Nani amekwambia?"

Roho ikaruka. "Kumbe alimwagiwa!"

"Bwana Aubri, usiniulize. Nimeambiwa ninyamaze."

"Na nani?"

"Nimeambiwa ninyamaze na jina la aliyeniambia ninyamaze."

Nikajua ni mama mkwe. Nani mwingine? Amemtisha mwanamke wa watu. Nikampigia magoti pale pale kwenye majani ya sakafuni.

"Osanne, njoo mbele ya hakimu wa askofu useme neno moja tu, kwamba alibatizwa. Nakuomba kama mama yangu."

"Ukiniita nitakuja. Nikiulizwa nitajibu. Siwezi kusema uongo mkono ukiwa juu ya Injili." Akaniangalia kwa huzuni. "Ila usiniite, bwana. Kwa faida yako."

"Faida yangu naijua mimi!"

Jibini alilipokea hata hivyo.

Kesi ilisikilizwa wiki ya tatu. Kwa kuwa Hersende hakuruhusiwa kuingia kanisani, meza ya hakimu iliwekwa nje, barazani mwa kanisa, naye akaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, juu ya mito, Odeline mapajani. Nilimpungia mkono kwa kujiamini. Akaniitikia kwa kichwa tu.

Hakimu alikuwa Shemasi Mkuu Evrard, mtu mnene anayehifadhi mapeasi makavu kwenye mkono wa joho lake na kuyatafuna kesi ikiendelea. Enguerrand wa Thory naye alikuwepo, eti anapita njia. Alikuwa amenyoa.

"Nani alizimia?" Evrard akaanza.

"Mimi," akasema mama mkwe.

"Ulizimia kwa muda gani?"

"Muda wa kutosha, Mheshimiwa."

Baraza likacheka. Evrard hakucheka. Akawauliza mashahidi kumi na wanne, wote wakasema sentensi ile ile, hata mahali pa kuvuta pumzi pakawa pamoja. Kisha akanigeukia.

"Bwana Aubri, ulimpokea au hukumpokea?"

"Nilimpokea, Mheshimiwa. Lakini nilipokea mtoto aliyelowa tu!" Nikanyoosha kidole. "Namwita Osanne!"

Nilimwona Hersende akishtuka kwenye mito yake. Nikadhani ni furaha.

Osanne akaja, akaweka mkono juu ya Injili. Nikaomba ruhusa niulize mwenyewe, nikapewa, kwa sababu mdomo wa Evrard ulikuwa umejaa.

"Osanne, mtoto wangu Odeline alibatizwa kabla ya kisima?"

"Alibatizwa."

"Wapi?"

"Chumbani, alipozaliwa."

"Kwa maji na kwa maneno yote?"

"Kwa maji na kwa maneno yote."

Mama mkwe akawa mweupe kuliko kitambaa chake cha kichwani. Enguerrand akajikuna kidevu kilichonyolewa. Mimi, Mungu anisamehe, nilicheza. Nilicheza barazani mwa kanisa, mikono kiunoni, nikazunguka mara mbili mbele ya mama mkwe.

"Zimia sasa!" nikamwambia. "Zimia tukuone, mama!"

"Basi," akasema Evrard, "kisima hakikufanya kitu. Huyu bwana hakuwa ndugu wa mkewe kwa tendo lile." Akamwashiria karani. "Andika. Mtoto alibatizwa nyumbani na mkunga Osanne."

"Si mimi," akasema Osanne.

Karani akasimamisha kalamu.

"Si wewe nini?" akauliza Evrard.

"Sikumbatiza mimi, Mheshimiwa. Mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine wakati ule."

"Sasa nani alimmwagia maji?"

Osanne akanigeukia. "Nilikwambia usiniite," akasema. Kisha akamjibu hakimu. "Mama yake mwenyewe. Bibi Hersende."



Mama mkwe ndiye aliyepata pumzi wa kwanza. "Mheshimiwa!" akasema, na sauti yake ilikuwa imerudi yote. "Anayembatiza mtoto ni mzazi wake wa kiroho, sawasawa na anayempokea! Kama mwanangu alimbatiza mtoto wa huyu, basi ni ndugu! Ni wale wale ndugu, tumewafikia kwa mlango mwingine tu!"

"Naijua sheria, bibi, nimeisoma kabla hujaanza kuzimia." Evrard akaweka peasi mezani kwa mara ya kwanza. "Mzazi akimbatiza mwanawe kwa sababu mtoto anakufa na hakuna mwingine wa kufanya, anasamehewa, na ndoa inabaki. Lakini wapo wanawake, na nimewaona, wanaofanya hivyo makusudi mtoto akiwa mzima, ili wapate njia ya kumtoka mume. Hao hawarudi kitanda kile tena. Kwa hiyo swali ni moja. Mtoto alikuwa anakufa au hakuwa anakufa?"

"Alikuwa anakufa!" nikasema.

"Ulikuwa chumbani?"

"Nilikuwa mlangoni, Mheshimiwa."

"Ulisikia nini?"

Hapa ndipo dhambi yangu ilipo, na nimeizunguka ukurasa mzima nikitafuta pa kuipitia. Nilikuwa nimesikia. Mtoto yule alizaliwa akipiga kelele mpaka mbwa wa uani wakamjibu. Nilikuwa nimecheka kwa furaha nikiwa nimepiga magoti.

Nikaenda mezani. Nikaweka mkono wangu juu ya Injili bila kuombwa.

"Sikusikia kitu," nikasema. "Kulikuwa kimya kabisa. Nililia nikijua nimefiwa."

 Lakini moyoni nilijiambia, ni kwa ajili yake. Namwokoa. Nikamgeukia Hersende nione kama ameona jinsi mume wake anavyojitosa motoni.

Hersende alikuwa ameshashuka kwenye mkokoteni. Osanne alikimbia kumshika mkono, akakataa. Akatembea mwenyewe, polepole, mpaka mwisho wa ngazi ya baraza, mahali anaporuhusiwa.

"Mheshimiwa," akasema, "mume wangu amesema uongo."

"Hersende!" nikaita.

"Mtoto alikuwa analia. Alikuwa analia vizuri kabisa. Hakuwa na ugonjwa wowote."

"Ulikuwa unaijua sheria?" Evrard akamwuliza.

"Nilikuwa naijua. Nilimwomba Osanne anipe kikombe cha maji, akanipa akidhani nataka kunywa."

Niliumia jamani. Sitawaficha. Nimewahi kuangushwa na farasi mbele ya watu mia tatu nikiwa na silaha zote mwilini, na sikuumia hivyo. Nilitafuta neno la kuchekesha, kama kawaida yangu, nikakuta sina.

Mama mkwe alikuwa ameshainua mikono juu. "Mungu wangu, asante! Mwanangu! Kumbe tulikuwa na wazo moja! Ungeniambia tu, nisingejichosha kuzimia." Akamgeukia Enguerrand. "Bwana Enguerrand, sogea, mwanangu, sogea."

Enguerrand akasogea.

"Mama, keti," akasema Hersende. "Na wewe bwana, rudi ulikokuwa unapita. Sikutaki."

Enguerrand akarudi nyuma. Mama mkwe akaketi, si kwa kutaka, miguu ilimwishia tu, na safari hii hakukuwa na mtumishi nyuma yake.

Evrard akamgeukia Hersende. "Sikuelewi, binti yangu. Mume huyu humtaki?"

"Sikusema hivyo."

"Yule mwingine unamtaka?"

"Nimesema simtaki."

"Basi ulimwaga maji yale kwa nini?"

"Ili mlango uwe wazi. Miaka saba wananivuta, mama upande huu na Aubri upande ule. Nikataka mlango mmoja ambao ufunguo ninao mimi. Kisha nikamwambia Osanne anyamaze mpaka nijue kama nitatoka au nitabaki. Nilitaka kumweleza mume wangu." Akaniangalia, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo, afadhali yangekuwa nayo. "Lakini alikuwa na kesi."

Odeline akaanza kulia kule mkokotenini. Osanne akamfuata. Hakuna mwingine aliyesogea.

"Sheria inakupa mlango wako," akasema Evrard. "Lakini ukisema mtoto alipumua kwa shida, hata kidogo tu, nitaandika dharura, na utabaki mke wa huyu bwana na uongo wake. Karani wangu bado hajaandika kitu. Kwa hiyo nakuuliza wewe, si mama yako, wala si yeye. Unataka nini?"

Karani akachovya kalamu kwenye wino. Mama mkwe akainama mbele. Hersende akafungua mdomo.

Na mimi, mume wake wa miaka saba, nikasogea karibu na wengine nisikie, kwa sababu jibu lake sikulijua.